Kuupangia bendi kubwa wimbo wa swingi: "Oh, Lady Be Good!" hatua kwa hatua

Bendi kubwa ya jazi ina watu 17: saksafoni 5 (alto 2, tenori 2, baritoni 1), matarumbeta 4, tromboni 4, halafu safu ya mdundo yenye piano, gitaa, besi na drams. Anayeipangia bendi hiyo kwa mara ya kwanza huwaona watu 17 wamekaa na kutaka wote wapige. Mimi nilifanya hivyo. Mpangilio wangu wa kwanza uliwapa wapulizaji wote noti tangu kipimo (fungu dogo la mapigo) cha kwanza hadi cha mwisho. Tulipofika pale nilipotaka muziki ulipuke, mpiga tarumbeta la kwanza alikuwa ameishiwa midomo, na masikio ya waliokuwa ukumbini yalishachoka. Hapakuwa na cha kulipua. Tangu siku hiyo, katika kila kipimo najiuliza kwanza: hapa nani anyamaze?

Nitautumia wimbo mmoja wa swingi, yaani jazi ya kuchezesha watu, mwanzo hadi mwisho ili tusizungumzie mambo ya hewani.

1. Ujue wimbo kabla hujagusa karatasi

"Oh, Lady Be Good!" ni muziki wa George Gershwin na maneno ya kaka yake Ira. Ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ulioanza kuonyeshwa Broadway, New York, Desemba 1924. Watu wa jazi wakauchukua. Mwaka 1936 mjini Chicago, mpiga saksafoni Lester Young aliurekodi na kikundi kidogo cha wanamuziki wa Count Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi, na solo yake ya tenori ya mizunguko 2 (wimbo mzima mara mbili) mpaka leo wapiga saksafoni wanaikariri noti kwa noti. Mwaka 1947 Ella Fitzgerald akaurekodi akiimba silabi zisizo na maneno, sauti yake ikikimbia kama ala ya kupuliza. Sikiliza rekodi zote mbili mara nyingi. Kisha zima simu, uimbe wimbo ukitembea. Ukishaweza kuuimba bila kusaidiwa, andika mambo matatu kwa mpangilio huu: sauti ya wimbo, sauti ya besi, halafu kodi za piano (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) katikati yake.

Umbo lake ni la vipimo 32: sehemu A yenye vipimo 8 inapigwa mara mbili, inafuata B ya vipimo 8 (hilo ndilo daraja), kisha A inarudi. Kila kipimo kina mapigo 4. Katika ufunguo wa F, kodi za sehemu A ni F6, Bb9 (b ni flati), F6, F6, Gm7, C7, F6, F6, kipimo kimoja kwa kila kodi. Daraja ni Bb6, B iliyopunguzwa, F6, F6, G7, G7, Gm7, C7. Kodi ni chache na zinapumua, na ndiyo sababu nimeuchagua. Wimbo wenye kodi mbili katika kila kipimo hauachi nafasi ya kujifunza.

Jambo la sheria kidogo. Marekani, wimbo uliochapishwa 1924 uliingia milki ya umma tarehe 1 Januari 2020. Nchi nyingine nyingi huhesabu miaka tangu mtunzi afariki, na George alifariki 1937 ila Ira alifariki 1983. Ukitaka kuuza au kurekodi mpangilio wako, waulize kwanza watu wa hakimiliki: COSOTA kama uko Tanzania, au KECOBO kama uko Kenya.

2. Ufunguo na kasi

Vikundi vidogo hupenda kuupiga wimbo huu katika G. Kwa bendi kubwa G inaumiza, kwa sababu saksafoni na tarumbeta huandikiwa noti tofauti na zinazosikika (tazama hatua ya 10): alto atasoma E yenye shapu 4, tarumbeta na tenori watasoma A yenye shapu 3. Ukiuweka F, alto anasoma D (shapu 2) na tarumbeta anasoma G (shapu 1). Ukipandisha hadi A flati mwishoni, alto anasoma F na tarumbeta anasoma B flati, na vidole vyao vinafurahi. Kwa hiyo tutaanza F na kumaliza A flati. Kasi: mapigo 176 kwa dakika.

3. Chora ramani

Usiandike noti hata moja kabla ya ramani. Chukua karatasi moja, chora mstari mrefu, gawa vipimo, na juu ya kila kipande andika nani anaongoza, nani anapokea, nani kimya. Yangu iko hivi:

Utangulizi, vipimo 8: piano, besi, gitaa na drams tu.
Mzunguko wa 1: A ya kwanza saksafoni kwa sauti moja, A ya pili tarumbeta moja lenye kizibo, saksafoni zikilijibu, daraja tromboni, A ya mwisho saksafoni zikiwa zimegawana sauti.
Mzunguko wa 2: solo ya tenori.
Mzunguko wa 3: saksafoni tano pamoja kwa vipimo 16, daraja la piano, A ya mwisho matarumbeta na tromboni.
Vipimo 4 vya kuhamia A flati.
Mzunguko wa 4: mlipuko.
Vipimo 4 vya kufungia.

Jumla ni vipimo 144, na kwa kasi ya 176 hiyo ni dakika 3 na robo hivi. Angalia kwamba katika mzunguko wa kwanza wote hakuna mahali ambapo watu 13 wa kupuliza wanapuliza pamoja. Wanapokezana. Wapangaji muziki Don Redman na Fletcher Henderson waliijenga namna hii New York miaka ya 1920: saksafoni upande mmoja, matarumbeta na tromboni upande wa pili, huyu anaita, yule anaitikia. Kiongozi wa bendi Benny Goodman alipovuma mwaka 1935, sehemu kubwa ya kilichowarusha watu ilikuwa mipangilio aliyoinunua kwa Henderson. Msomaji aliyekulia kwenye ngoma au kwaya anajua tayari: kuna mwanzilishi, kuna wapokezi, na wapokezi hawamkatizi mwanzilishi.

4. Mstari wa juu ndio wimbo

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko popote. Kodi nzuri haziokoi mstari mbovu, ila mstari mzuri unaweza kupigwa kwa sauti moja tu na watu wakacheza.

Wimbo ulioandikwa kwenye karatasi za 1924 umenyooka: noti zinaangukia juu ya mapigo, kama mtu anayesoma orodha ya majina. Swingi haisemi hivyo. Chukua kipimo chenye noti 4, kila moja pigo 1: pa, pa, pa, pa. Noti ya kwanza iwahishe, iingie nusu ya mwisho ya kipimo kilichotangulia, na uishikilie mpaka ipite pigo la 1. Ya pili na ya tatu ziache mahali pake. Ya nne icheleweshe hadi nusu ya pili ya pigo la 4, fupi, yenye mkazo. Sasa imba: u-PAAA, pa, pa, (kimya) PAT. Noti ni zilezile, ila yule msoma orodha sasa amesimama na anacheza.

Ukiwahisha noti, iwahishe na kodi yake. Noti ya Bb9 ikiingia mapema, wapulizaji wote walio chini yake wanaingia mapema na Bb9, hata kama besi bado anamalizia F. Wengi hukosea hapa. Wanasogeza noti ya juu na kuacha kodi ya zamani chini yake, halafu wanashangaa kwa nini inasikika chafu.

Noti za nusu pigo ziandike sawasawa. Wapigaji wenyewe watazifanya ndefu-fupi, ndefu-fupi. Ila urefu wa kila noti lazima uuandike wewe. Noti ya pigo 1 isiyo na alama itapigwa kwa urefu tofauti na watu 5 tofauti, na hapo safu imevunjika. Weka alama ya noti fupi, ya noti ndefu, ya mkazo, ya kuteleza kushuka. Niliwahi kuona bendi ya wastani ikisikika kama bendi nyingine kabisa baada ya dakika 20 za kukubaliana tu ni wapi noti inakatwa.

5. Saksafoni tano

Kama umewahi kugawa sauti za kwaya, umeshafika nusu ya njia. Tofauti ni kwamba katika kwaya sauti ya kwanza inaimba wimbo na besi inashika mzizi wa kodi, yaani noti inayoipa kodi jina. Hapa mzizi ni kazi ya mpiga besi. Saksafoni zinabanana chini ya wimbo na kusogea nao kama kundi la ndege.

Tuseme noti ya wimbo ni A, juu ya kodi ya F6. Kwa solfa, do ikiwa F, hiyo ni mi. Kodi ya F6 ina do, mi, sol, la. Alto wa kwanza anapiga mi. Shuka kwenye noti ya kodi iliyo karibu: alto wa pili do, tenori wa kwanza la, tenori wa pili sol, na baritoni anarudia mi, oktavu moja chini ya alto wa kwanza. Kwa herufi, kutoka juu: A, F, D, C, A. Piga kwenye piano kwa mikono miwili uisikie.

Wimbo ukipita kwenye noti isiyo ya kodi, kwa mfano G inayopita kutoka F kwenda A, usiwaache wanne wa chini wamesimama. Ipe G kodi yake ya kupita: G, E, D flati, B flati, G. Hiyo ni kodi iliyopunguzwa, na inafanya kazi ya C7 inayotamani kurudi F. Kwa hiyo katika noti tatu tu umeondoka nyumbani na kurudi, na kila mpigaji ana mstari wake unaosogea. Huo mlio wa saksafoni unaoteleza kama mafuta kwenye rekodi za swingi, kwa sehemu kubwa unatoka hapa.

Wimbo ukipanda juu sana, kubanana kunakuwa kwembamba na kukali. Hapo chukua sauti ya pili kutoka juu uishushe oktavu moja. A, F, D, C, A inakuwa A, D, C, A, F, na baritoni ndiye anayeshika F ya chini. Kodi inafunguka na kupata joto.

Usigawe sauti wimbo mzima. Katika ramani, A ya kwanza saksafoni zote zinapiga kwa sauti moja, altos na tenori pamoja. Ni kwa sababu hiyo A ya mwisho, zinapogawana, inasikika kama dirisha limefunguliwa.

6. Matarumbeta na tromboni

Tromboni 4 zinaweza kubeba kodi nzima peke yake. Kwa C7 jaribu, kutoka chini: B flati, E, A, D. Hakuna C humo, na haihitajiki, besi anayo. Chunga kitu kimoja: chini ya C iliyo oktavu moja chini ya C ya katikati ya piano, usiweke noti mbili zilizokaribiana. Zitanguruma bila kueleweka.

Matarumbeta manne yabane, kama altos na tenori. La kwanza lina wimbo, mengine yako ndani ya oktavu moja chini yake. Mpe tarumbeta la kwanza mapumziko. Baada ya vipimo 8 vya juu na kwa nguvu, mwachie angalau 4 vya kimya. Midomo ni misuli.

7. Safu ya mdundo: andika kidogo

Gitaa anapiga mapigo 4 katika kila kipimo, kwa sauti ya chini. Freddie Green alifanya kazi hiyo katika bendi ya Count Basie tangu 1937 hadi alipofariki 1987, karibu bila solo, na bendi nzima ilimwegemea. Besi anatembea, noti moja kila pigo. Mpe majina ya kodi na aachwe. Piano vilevile.

Kwa drams, usiandike kila kijiti. Andika kasi, andika swingi, kisha juu ya mistari chora mdundo wa wapulizaji pale tu unapotaka auitikie. Mpiga drams aliyejaziwa noti anasoma karatasi badala ya kusikiliza wenzake.

8. Nyuma ya solo

Tenori anapoanza solo, vipimo 16 vya kwanza usimpe mtu mwingine chochote. Kwenye daraja, tromboni ziingie na noti ndefu za chini. A ya mwisho, matarumbeta yaliyozibwa yapige rifu (kifungu kifupi cha kurudiarudia) ya vipimo 2, ileile, mara nne. Basie na watu wake wa Kansas City walikuwa mabingwa wa rifu: mmoja anabuni, jirani anadaka, safu nzima inaitwaa bila karatasi. Rifu nzuri ina noti 4 au 5 na shimo katikati. Shimo hilo ndilo la mpiga solo. Ukikuta rifu yako haina mahali pa kuvuta pumzi, ifute nusu.

9. Mlipuko

Wapenzi wa muziki wa dansi wanaijua chemko, ile sehemu ambapo maneno yamekwisha, mwendo unachangamka na hakuna anayebaki kwenye kiti. Swingi nayo ina mahali pake pa namna hiyo, na ni hapa, mzunguko wa 4, katika A flati. Kuhama kwenyewe ni kazi ya vipimo 4 vya Eb7, tromboni zikianza chini na matarumbeta yakipanda juu yake.

Andika mdundo kwanza, bila noti, kwenye mstari mmoja. Upige mezani kwa kiganja. Usipokuchangamsha mezani, hata matarumbeta kumi hayatausaidia. Ukishapata mdundo, upe tarumbeta la kwanza mstari rahisi, wenye noti chache za kodi. Kilele kiwe A flati ya juu, ambayo yeye anaisoma B flati juu ya mistari, na akifike mara moja au mbili tu. Matarumbeta mengine chini yake, tromboni zirudie kodi oktavu moja chini, saksafoni zijaze katikati, baritoni na tromboni ya nne washike mizizi. Wote mdundo mmoja. Kisha kimya cha mapigo 3, na drams peke yake anajaza. Nguvu ya mahali hapa iko kwenye hayo mapigo 3.

Daraja liwe la piano na besi tu, taratibu. Halafu A ya mwisho wote warudi. Kufunga, fanya kama Basie: piano inadondosha noti tatu nyepesi juu kabisa, kimya, kisha bendi yote kodi moja fupi.

10. Karatasi na mazoezi

Ukitaka isikike C ya piano, alto na baritoni wanaandikiwa A, tarumbeta na tenori wanaandikiwa D. Tromboni inaandikwa kama inavyosikika. Programu ya MuseScore hailipiwi na itakufanyia mageuzi hayo, lakini usiiamini inapokupigia: kompyuta haipumui na midomo yake haichoki. Namba ya kipimo iwepo mwanzoni mwa kila mstari, na herufi kubwa mwanzoni mwa kila sehemu. Karatasi igeuzwe mahali ambapo mpigaji ana kimya.

Kama huna watu 17, usiahirishe. Bendi zetu nyingi za dansi zimeishi miaka na matarumbeta mawili na saksafoni mbili. Katika hali hiyo kila kodi ipe noti tatu: wimbo, noti ya tatu ya kodi, na ya saba au ya sita. Kwa F6 yenye A juu, hiyo inakuwa A, D (ya sita), na F kwa mpulizaji anayebaki, maana A ya juu tayari ndiyo noti ya tatu ya kodi. Ramani ibaki ileile.

Siku ya mazoezi anza na saksafoni peke yake, kwa kasi ya 100, wengine wakisikiliza. Kisha matarumbeta na tromboni. Mwambie kiongozi wa kila safu aimbe mstari wake kwa mdomo kabla hajaupuliza, na wengine wamuige mikato yake. Wewe kaa mbele na penseli na kifutio. Mimi kwa kawaida hufuta zaidi ya ninavyoongeza: noti za tromboni chini ya solo, jibu moja la tarumbeta lililozidi, kodi ya daraja inayomfunika mpiga piano. Kila ninapofuta, huwaomba warudie kutoka herufi iliyo karibu, nikisikiliza kama besi sasa anasikika.